Waya Mrefu wa Kitanda cha Mama Mkwe

Kitanda kilitikisika tena. Kilipanda kidogo, kikasita, kikapanda, kikasita, na nyuma ya pazia Mama Mariana akapaza sauti.

"Jamani, mnanipepeta! Mimi ni ulezi?"

Wilibrodi akazima swichi. Alikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Izia, sanduku la plastiki mapajani, macho yakimwasha kwa kukosa usingizi. Alikuwa amefundisha fizikia tangu asubuhi, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili.

Tangu apate kiharusi, Mama Mariana, mama mkwe wake, hakuweza kujiinua, na akinyweshwa uji amelala alipaliwa. Aliyekuwa akimkalisha ni binti yake Edith, mke wa Wilibrodi. Jumatatu mgongo wa Edith ulikataa, na daktari akamkataza kuinua kitu kizito. Sasa Kasmir, mdogo wake mama, angekuja Jumamosi amchukue kumpeleka kijijini Msanzi, kwenye nyumba ambayo watu wote hushinda shambani. Nani angemlisha huko mchana, hakuna aliyesema.

Wilibrodi hakuweza kushika zamu. Mkwe hamgusi mama mkwe wake wala haingii anapolala, na Mama Mariana hakuona kwa nini ugonjwa ubadilishe jambo hilo. Kwa hiyo alikuwa amefunga chini ya kitanda jeki ya umeme, mkono wa chuma unaojisukuma nje na kurudi, ili uinue upande wa kichwa. Ndani ya jeki mlikuwa na kipimo kinachotoa volti kadiri mkono unavyosogea. Bodi ndogo ya kompyuta husoma volti hizo, ikajua mkono umefika wapi na usimame wapi. Kazi hiyo aliifanya mama akiwa nje anaota jua. Na kwa kuwa hakutarajia kuruhusiwa kuingia tena, sanduku la bodi na betri aliliweka sebuleni, akapitisha waya mrefu juu ya ukuta.

Alipojaribu kwa gunia la mahindi, kitanda kilipanda bila tatizo. Lakini gunia lile lilikuwa nusu.

"Umeona nini?" Edith aliuliza. Alikuwa amelala chali juu ya mkeka, maana kukaa kulimuuma.

"Waya. Mota na kipimo vinarudishia umeme kwenye waya mmoja mwembamba. Mzigo ukiwa mzito, mota inavuta umeme mwingi, na volti za kipimo zinapanda zenyewe. Bodi inadhani tumefika, inazima. Ikizima, volti zinashuka, inawasha tena."

"Kwa hiyo?"

"Bodi ikae chini ya kitanda, karibu na jeki. Kipimo kipate waya wake, mota wake."

Edith akafumba macho. "Mimi siinami, Wili. Na kumtoa nje siwezi."

Upepo ulikuwa unapiga bati.

"Nawasikia," mama alisema kutoka chumbani. "Sumbawanga nzima hakuna fundi?"

"Shikamoo mama," Wilibrodi alisema. "Fundi wa kitu hiki ndiye mimi."

Mama akamwita binti yake.

"Edith, nifunike uso na kanga. Huyo fundi aje. Mkwe wangu abaki hukohuko."

Edith alijikokota akamfunika, akarudi ameegemea ukuta. Wilibrodi akaingia akiwa ameinamisha kichwa, akajipenyeza uvunguni na sanduku lake, koleo na kifaa cha kulehemu.

"Fundi, umetoka wapi?" sauti ilitoka chini ya kanga.

"Hapahapa Izia, mama."

"Mkwe wangu ni mwalimu. Kasoma sana. Kitanda kimemshinda."

"Alikosea waya tu."

"Usimtetee, humjui. Anakohoa usiku kucha na dawa hanywi. Binti yangu naye anajifanya hana maumivu. Nimeona heri niondoke, wapumzike."

Wilibrodi aliacha kukata waya. Ndiyo kwanza asikie hilo. Wao walidhani Kasmir ndiye aliyeshikilia mama ahamishwe.

"Na wewe mwenyewe unataka kwenda, mama?"

"Fundi, umekuja kutengeneza au kuhoji?"

Akaendelea. Aliifungia bodi kwenye ubao wa kitanda, akatoa waya mnene wa mota moja kwa moja hadi kwenye betri, na nyaya tatu za kipimo akazipitisha upande mwingine, fupi. Hakuamini mpaka aone. Akabonyeza.

Kitanda kikapanda polepole bila kusita, kikasimama kilipotakiwa. Kanga ikateleza kidogo. Mkono wake mmoja uliobaki mzima ukaiwahi.

"Sijatikisika," alisema mama.

"Hapana."

"Haya, toka sasa. Niletewe uji."

Wilibrodi akatoka akiwa na vumbi magotini, akajibwaga kwenye kiti. Edith aliingia na kikombe, akapiga magoti kando ya kitanda kumnywesha, na uji ukaisha bila mama kupaliwa hata mara moja.

"Mkwe!" mama aliita baadaye. "Umerudi kutoka kazini?"

"Nimerudi, mama."

"Kuna fundi alikuja. Mdadisi, lakini kazi anaijua. Mpigie Kasmir simu, mwambie Jumamosi asihangaike, abaki na ng'ombe wake. Na wewe kunywa dawa."

Wilibrodi alitafuta simu mfukoni. Alitaka kucheka, akakohoa.