Mdhamini wa Msiba wa Bibi

Usiku wa jana niliota tuko msibani kwa bibi yangu Naelijwa, ambaye kweli tunamzika leo. Mgeni akapiga hodi. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, refu kama mtu, limefunga tai.

"Poleni wafiwa. Mimi ndiye mdhamini."

Baba mdogo Eliamani akaliachia kiti chake. Sebule ilishageuka uwanja wa mpira, jeneza likiwa katikati. Hakuna aliyeshangaa.

Wasifu wa marehemu nausoma mimi. Bibi aliniomba kabla hajafa: "Mjukuu wangu, unisome kama nilivyo. Usiniongezee kitu." Nikamwahidi.

Kopo linanipa karatasi: "Marehemu Naelijwa Mafuta Mng'aro, aliyelea watoto wake kwa ladha isiyo na mpinzani."

"Bibi hakuwahi kununua mafuta yako," nasema. "Mboga aliziunga kwa karanga alizotwanga mwenyewe."

"Ndiyo maana tunamhitaji. Wanunuzi tunao. Marehemu wenye heshima hatuna."

Shangazi analia, na kila chozi lina nembo. Nataka kumfuta.

"Acha!" ananikemea. "Mkataba unasema yaonekane kwenye kamera."

"Soma tu, mwanangu," Baba mdogo ananong'ona. "Jeneza ni la mdhamini, wali wake, hata fulana uliyovaa ni yake. Hiyo digrii yako imeleta nini hapa? Hata sanda?"

"Mnamjia sasa kwa sababu hawezi kukataa!" nikaliambia kopo. "Angekuwa hai angekufukuza kwa mwiko!"

"Kweli kabisa," likakubali.

Nikachana karatasi, nikasoma wasifu kwa sauti kutoka kichwani: "Naelijwa. Alilima. Alicheka kwa nguvu hata kanisani. Alitwanga karanga. Basi."

Kopo halikukasirika. Lilifungua mfuniko wake, likaita vitu vyake. Mahema yakajikunja, yakaondoka. Wali ukarudi kuwa mchele, ukaingia guniani. Jeneza likajichomoa chini ya Bibi polepole, kwa adabu. Fulana ikanivuka kichwani. Baba mdogo akaufuata wali.

Tukabaki wachache. Tukambeba Bibi kwenye mkeka wake wa ukindu, mimi kifua wazi, na aibu tele.

"Umeniongezea kitu?" akauliza kutoka mkekani.

"Hapana, Bibi."

"Haya. Shika vizuri basi, usiniangushe."

Nimeamshwa na baridi. Fulana ya bure niliyolala nayo, ile ya njano yenye tangazo la mafuta mgongoni, haipo mwilini wala kitandani. Mlango umefungwa kwa ndani. Viganja vyangu vyote viwili vina alama za msuko wa ukindu.