Aliyeambiwa ni Paka

Mtaani kwetu hapakuwa na nyumba yenye habari kamili za moto wa kilimani kama ile ya mawifi wawili, wala hapakuwa na nyumba nyingine ambayo wenyewe walikuwa hawasemezani. Nyumba yangu na yao zinagawana ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo haya yote nimeyasikia bila kujisumbua.

Mmoja, tunayemwita Fundi, ni mshonaji. Nyumba ilikuwa ya kaka yake. Kaka alipofariki, mkewe, tunayemwita Mama Pacha ingawa pacha wenyewe walishakua wakahama, alibaki na chumba cha nyuma, na Fundi akabaki na cha mbele pamoja na cherehani yake. Walichogombania ni koti. Fundi alimshonea kaka yake koti la sufu, lenye bitana mpaka mikononi, na Mama Pacha akaligawa kwa mlinzi wa shule. Alisema mlinzi anasikia baridi, marehemu hasikii. Fundi akanuna. Mama Pacha naye akanuna kwa kununiwa. Watoto wakinuniana mama yao huwaamua, lakini watu wazima hawana wa kuwaamua, na hawa walikuwa wazima sana.

Sasa, nyumba haiendeshwi kwa kimya. Gesi inaisha, maji yanakatika, bomba linavuja. Ndipo wakaanza kumtumia paka.

"Paka, mwambie anayeacha taa ya chooni ikiwaka kwamba umeme haushuki na mvua."

Kutoka nyuma: "Paka, mjibu kwamba aliyetoka chooni mwisho ni yeye."

Paka mwenyewe alikuwa amelala kwenye korido, katikati yao, hana habari na mtu.

Kiangazi kilipokolea, kilima kilicho nyuma ya mtaa kikakauka, na kikosi cha zimamoto kikaanza kutoa tahadhari zake: kaa chonjo, jiandae, ondoka. Fundi alikuwa na redio, haizimi hata akishona. Mama Pacha alikuwa na simu iliyokuwa ikipokea ujumbe wa kikosi saa yoyote.

"Paka, redio inasema upepo umegeukia huku kwetu."

"Paka, redio imechelewa. Umegeuka tangu alfajiri. Na barabara ya kilimani imefungwa, watu wapite ya sokoni."

Hivyo ndivyo walivyojiandaa, na walijiandaa vizuri kuliko sisi tunaosalimiana. Walitoa majani makavu kwenye mifereji ya paa, mmoja asubuhi na mwenzake jioni, wasije wakakutana kwenye ngazi. Walijaza mapipa maji. Mtungi wa gesi wakautoa nje, mbali na ukuta. Kila mmoja akafunga begi lake. Mimi sikuwa hata na redio. Nilikuwa nafuata maelekezo ya paka, na watu wakiniuliza habari nimezipata wapi, najibu nina mtu wangu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Jua lilikuwa jekundu, na majivu yalikuwa yanaangukia nguo zilizoanikwa. Nilikuwa nawapakia majirani kwenye pikapu yangu ya mboga nilipomwona paka anaruka ukuta na kutokomea upande wa sokoni. Yeye hakungoja redio. Baadaye kidogo redio ya Fundi ikasema mtaa wetu uondoke, usichukue chochote kisichobebeka.

"Paka," nikamsikia Fundi, "wanasema tuondoke. Mwambie asiyesikia."

Kimya. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kimya.

Akatoka na begi lake na kitambaa chenye maji puani, akapanda mbele, akafunga mlango.

"Kuna mtu amebaki ndani?" nikamuuliza.

"Ameambiwa."

"Sikukuuliza kama ameambiwa."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Endesha, baba."

Moto ulikuwa umefika kwenye miti ya mwisho chini ya kilima, na sasa ulikuwa unasikika. Waliokuwa nyuma wakaanza kugonga paa la gari. Nilishikwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata kwa moto wenyewe. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo.

"Kamwite," nikasema.

Akashuka. Nikamfuata, maana sikumwamini.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mama Pacha alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni, mtandio kichwani, begi juu ya mapaja, simu mkononi, kila kitu kama kikosi kilivyoelekeza. Macho yake yalikuwa mekundu, na chumbani moshi ulikuwa bado haujaingia.

"Hukunisikia?" Fundi akauliza.

"Nilikusikia."

"Mara zote mbili?"

"Zote. Na ujumbe nimeusoma kabla redio yako haijasema."

"Sasa unangoja nini humu?"

"Aliyeambiwa ni paka," Mama Pacha akasema.

Fundi akasogea mpaka kitandani. 

"Ungekubali kuungua kwa sababu hiyo?"

"Habari nilikuwa nazo zote, wifi. Nilichokuwa sijui ni kama kuna mtu humu ndani anayetaka nipone."

Nje walikuwa wanapiga honi. Fundi alilia pale pale, waziwazi, bila kujifuta. Halafu akainama, akalichukua begi la mwenzake juu ya mapaja, akalitia begani mwake pamoja na lake.

"Simama, wifi," akasema. "Nakwambia wewe."

Mama Pacha akasimama.