Wasomaji wa Mama Ratiba

Dobi alikamua shuka la mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuandika kwa kidole gumba: "Leo maji saa nne hadi saa sita. Bomba la juu halitoki, njooni la chini. Wahini." Akabonyeza. Basi, kazi ya blogu imekwisha, kazi ya mapovu ikaendelea.

Mwaka wa pili huu alikuwa akiandika hivyo kila asubuhi. Jina lake mtaani lilishasahaulika. Watu walimwita Mama Ratiba, naye akaitika. Ratiba yenyewe aliipata kutoka idara ya maji, ambako karani mmoja huituma kwa vyombo vya habari, na kwa huruma zake akamtia dobi katika orodha. Kabla ya hapo wanawake walikuwa wakikaa bombani na ndoo tangu alfajiri mpaka jua la utosi, na siku nyingine wakirudi nazo tupu, wakanunue kwa mwenye lori ndoo moja kwa bei ya kilo ya sukari. Dobi mwenyewe alikuwa amewahi kurudisha nguo za watu zikiwa chafu vilevile, na aibu ile hakuisahau.

Sasa idara ikaleta kanuni mpya. Usiniulize aliyeitunga, mtu wa aina hiyo hajawahi kubeba ndoo. Kuanzia mwezi ujao ratiba itapewa tu chombo chenye wasomaji mia tano, baada ya kupimwa "ufikiaji na ushawishi" wake. Blogu ya dobi, kwa hesabu ya mashine, ilikuwa na wasomaji kumi na tisa.

"Hizo kumi na tisa ni simu, si watu," dobi alimwambia afisa habari wa idara, amesimama mbele ya meza yake kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa kimejaa mafaili. "Simu moja kwetu inasomwa na ua mzima. Fundi viatu anasoma peke yake, anaandika ubaoni kwake, njia nzima inapita pale. Jirani yangu Mama Pacha anaisoma kwa sauti dirishani. Hiyo mashine yako inamwona nani? Inamwona Mama Pacha tu."

Afisa, kijana mpole mwenye beji shingoni, alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alipekua kanuni zake, akapata kifungu: kinaruhusiwa kipimo cha uwanjani, watu thelathini waulizwe hukohuko. Wakipatikana kumi na watano wanaoijua blogu, mtaa mzima utahesabiwa.

"Ila usimwambie mtu, dada," alisema. "Ukiwapanga watu, kipimo kimeharibika, na mimi kibarua kimeota nyasi."

Dobi aliapa, na kiapo akakitimiza. Hata Mama Pacha, ambaye kwake ni chanda na pete, hakumdokezea. Alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Kumi na watano tu! Hofu yake ilikuwa kwamba watu watagombania kuulizwa.

Kipimo kilifanyika siku ya mwisho ya mwezi. Saa nne kasoro, foleni ilikuwa imeshanyooka bombani, ndoo na madumu, kila mtu mahali pake. Afisa alifika na gari la idara lenye nembo mlangoni, amevaa buti, ameshika kishikwambi. Alimwambia dobi asimame kando ya ukuta na asisogee. Pale aliweza kusikia kila kitu, lakini hakuruhusiwa kusema.

Afisa alianza na fundi viatu, aliyekuwa kibandani kwake kando ya bomba.

"Mzee wangu, unaijua blogu ya maji ya mtaa huu?"

Fundi alilitazama gari. Akaitazama beji. Kisha akamtazama dobi pale ukutani, kasimama kama mtu aliyekwisha kukamatwa. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu Mama Ratiba aandike kwamba siku bomba linapokauka, lori la maji hujazwa nyuma ya tangi la idara. Mtaa mzima ulisoma, na mtaa mzima ukasema: huyu watamfuata.

"Blogu," fundi alisema taratibu. "Hiyo ni dawa ya nini?"

Na mkono wake mmoja, nyuma ya mgongo, ukawa unafuta ubao kwa kitambaa cha kung'arishia viatu.

Mama Pacha alikuwa wa tatu. "Mimi sijui kusoma, mwanangu," alisema, mwanamke anayewaandikia barua nusu ya wapangaji.

"Sasa ulijuaje maji yanatoka saa nne?"

"Niliota."

Mnong'ono ulikimbia kwenye foleni kwa kasi kuliko buti za afisa. Alipomfikia mtu, jibu lilikuwa limeshafika. Sijui. Sijasikia. Mimi mgeni hapa. Bibi mmoja, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka bombani, naye alikuwa mgeni.

Dobi alishindwa kuvumilia. "Semeni ukweli jamani, msiogope!"

Afisa aliinua mkono. "Dada, ukiwashawishi nafuta kila kitu."

"Maskini," mtu alisema kwenye foleni. "Wamemlazimisha."

Baada ya hapo walikana kwa nguvu zaidi.

Afisa alikuja ukutani, akamwonyesha kioo cha kishikwambi. "Sifuri, dada. Sijawahi kuona sifuri. Hata gazeti lililokufa hupata wawili watatu."

"Wamedanganya kwa ajili yangu. Wanadhani umekuja kunikamata kwa yale ya lori." "Watu thelathini, jibu moja, na hakuna aliyewapanga. Huo si ushawishi?"

Kijana aliitazama fomu yake muda mrefu, kama anayetafuta kwa kweli.

"Hakuna pa kuliandika hilo," alisema mwishowe. "Shemeji yangu anakaa mtaa wa nyuma, hafui bila kusoma blogu yako. Lakini hayumo kwenye thelathini."

"Waulize tena, basi. Mimi nitawaeleza."

"Ukiwaeleza si kipimo. Na kipimo ni mara moja kwa mwaka." Alimsogezea kishikwambi aweke saini. Dobi akaiweka kwa kidole chenye ukurutu wa sabuni, na gari likaondoka.

Hapo foleni ikavunjika. Mama Pacha alimkumbatia. "Ulidhani tutakuuza, shoga yangu?" Yule bibi alimshika mkono asimwachie. Dobi aliitafuta hasira, akaikosa. Aliwapenda watu hawa mpaka kifua kikamuuma, na kila alipofungua kinywa awaambie walichokifanya, aliona nyuso zao zimejaa furaha, akakifunga.

Fundi viatu alikuwa amerudi kwenye ubao wake, chaki mkononi. "Haya, gari limeshapinda kona. Kesho maji saa ngapi, niandike?"

"Sijui," dobi alisema.

Foleni nzima ikacheka. Mama Pacha alicheka mpaka machozi, akampiga dobi begani.

"Hivyo hivyo, shoga. Akirudi, mjibu hivyo hivyo."