Tangazo la Siku Tisini

Saa mbili na nusu asubuhi, dalali wa mahakama alifika kwenye kiwanja cha fundi cherehani kubandika tangazo la benki iliyomkopesha. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na msingi, karo la kufulia na kamba yenye vibanio vitatu. Sheria inataka tangazo libandikwe kwenye mlango mkuu, usawa wa macho. Dalali alihesabu hatua, akapaka gundi hewani, akabandika. Karatasi ikashika.

Nyumba ilikuwa imehamia hospitali, imechutama nyuma ya wodi ya wanaume. Fundi alikuwa akimuuguza mumewe huko mwezi wa tano sasa, na nyumba ilipochoka upweke iliwafuata. Wauguzi walianika mashuka barazani.

"Mheshimiwa, sijaitelekeza," fundi alisema mahakamani. "Nalala humo kila siku."

"Iko wapi, mama?"

"Hospitali."

"Basi kiwanjani hulali." Hakimu akafunua jalada. "Siku tisini bila mkaaji, mali imetelekezwa. Tangazo lilibandikwa?"

"Linapepea mpaka leo, mheshimiwa," dalali akajibu.

"Nilikuwa naogesha mgonjwa. Sikuliona."

"Kutoliona si pingamizi."

Benki ikaruhusiwa kuuza. Nyumba irudishwe kiwanjani kabla ya Ijumaa.

Wapagazi wanane walikuja na kamba. Nyumba haikusogea hata shubiri.

"Mbishi kuliko punda wa dobi," mmoja akasema, akifuta jasho.

"Mama, iite wewe," dalali akasema. "Isipofika, utashtakiwa kwa kuficha mali."

Fundi aliingia wodini kumuaga mumewe.

"Ipitishe barabara ya chini," mume akasema. "Ukuta wa jikoni una ufa." Kisha akauliza, "Nikitoka hapa, tutakwenda wapi?"

"Wewe toka kwanza."

Alitangulia. Nyumba ikamfuata mtaa kwa mtaa, ikisimama kila aliposimama kuvuta pumzi. Ilipofika ikakaa juu ya msingi wake, na mlango ukaja nyuma ya tangazo barabara. Mnunuzi aliyeletwa na benki akabadilisha kitasa.

"Sasa nenda, mama," dalali akamnong'oneza. "Na usigeuke. Ikikuona itanyanyuka, nami nitaandika umeiba."

Fundi alitembea kuelekea kona bila kugeuka. Alisikia mabati yakilia, kisha mlango ukigongwa kutoka ndani, ambamo hamkuwa na mtu. Dalali alikuwa akimsomea mnunuzi mahali pa kutia sahihi:

"Mali imekabidhiwa. Hakuna aliyepinga."