Magunia ya Kungoja Desemba

Teopista wa Kirewa alikuwa na kichwa cha biashara, hilo halina ubishi. Kila Agosti watu wakishavuna, ulezi ukiuzwa kwa bei ya kutupa, yeye alinunua, akauanika, akapanga magunia chumbani mpaka mumewe, Owor, akawa analala kiubavu. Kisha alingoja. Desemba ni mwezi wa lumba, ukoo unapomfanyia marehemu wake sherehe ya mwisho, na lumba bila pombe ya malwa ni aibu tupu. Malwa hutengenezwa kwa ulezi. Hapo wateja walimfuata wenyewe, wengine wakivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya. Kwa mtindo huo aliezeka nyumba mabati na kumsomesha binti yao, Dorah.

Mwaka jana, Septemba, tumbo lilimshika Owor. Daktari mmoja wa Tororo aliwaambia waziwazi kwamba ni la kupasuliwa, tena mapema. Walirudi nyumbani wakakaa juu ya magunia, maana viti vilishatolewa nje kuyapisha.

"Kesho nauza yote," Teopista alisema. "Napeleka Busia."

"Kwa bei ya saa hii?" Owor alicheka, akajishika ubavu. "Wewe mwenyewe unasema kuuza Septemba ni ujinga. Mimi nangoja. Hii tumbo haiwezi kuua mtu."

Angemkatalia. Mke mwingine angemkatalia. Lakini moyoni alifurahi, na tusimfichie. Miaka yote mume huyu alimtania kwamba ameolewa na magunia, na sasa alikuwa anaongea kama yeye. Akapiga hesabu haraka: Septemba, hospitali ingemeza mzigo wote, Desemba ingemeza nusu tu. Akaenda dukani akamnunulia vidonge vya maumivu.

Oktoba, Owor aliacha kwenda shambani. Teopista alipotoka soko la Busia alimwambia bei imeanza kupanda. "Bado kidogo," alisema, naye Owor akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekonda, lakini alijikaza kiume, na mkewe akajifanya haoni.

Novemba alianza kutapika damu. Teopista alikodi gari asubuhi hiyohiyo, bila kuuza hata gunia moja, akimwapia dereva kwamba atamlipa baadaye. Kumbe iliwezekana. Walikuwa hawajafika Tororo vidole vya Owor vilipolegea mkononi mwake.

Wazee wakaamua lumba yake ifanywe Desemba hiyohiyo, chakula kikiwa bado kipo. Ochwo, kaka wa marehemu, akaja na baiskeli mbili za kubebea mzigo. Alisimama mlangoni kwa haya.

"Shemeji, hatuwezi kuchukua vitu ya mjane bure. Ukoo imechanga. Tunataka wimbi, hii ulezi yako, ya malwa ya Owor. Gunia ni ngapi saa hii?"

Teopista akataja bei. Ilimtoka kabla hajafikiri, bei ya Desemba kamili, kama vile alivyoitabiri. Ochwo hakuomba apunguziwe hata shilingi. Aliingiza mkono mfukoni akaanza kuhesabu.

Mjane akaketi chini palepale, akalia kilio ambacho Dorah hakukisikia hata siku ya mazishi.

"Imepanda, Owor," alisema. "Imepanda, baba, imepanda."

Ochwo alibaki amesimama na noti mkononi, hajui ampe nani.