Moto wa Kijani kwa Mama Séphora

Saa kumi na moja jioni Séphora alikuwa uani akipepea mbabula yake, jiko la makaa, kwa kifuniko cha ndoo, nyuma ya kanisa la Wamethodisti, Kamina. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeiva; maji ya kusongea bukari, ugali wa huko, bado. Wageni walikwisha vuta viti, maana kwa Séphora hakuna anayengoja kuitwa.

Tangu mvua zianze, moto wa mbabula hiyo ulikuwa unasema mikono ya watu imeshika nini. Ukinyoosha vidole juu yake, unabadili rangi. Priscille, muuza chumvi kambini na mke wa askari, aliufanya wa njano. Matthias wa kwaya, aliyesema ametoka mazoezini, aliufanya wa bluu kama pombe kali ya lutuku inavyowaka; mke wake akahamisha kiti. Habari za mtaa zikawa zinapatikana hapo, na bukari ikawa haitoshi.

Mwalimu Philémon hakutegemea macho matupu. "Chumvi iko na kelele," alisema. "Inafunika benzake." Basi alitazama moto kupitia kisanduku cha kiberiti chenye ufa mwembamba na kipande cha CD iliyovunjika. Humo mwanga uligawanyika kuwa mistari, na kila kitu kina mistari yake, hakiazimi ya jirani. Yote aliichora kwenye daftari.

Jioni hiyo shauri lilikuwa la mwenye nyumba. Christophe, mume wa Séphora, alikuwa mlinzi wa pampu ya maji ya mtaa. Waya wa shaba ulikatwa ukaibwa, pampu ikafa, naye akafukuzwa akiitwa mwizi. Alitaka kazi yake, na kuliko kazi, jina lake. Ndiyo maana Papa Kapenda, prezida wa komite ya maji, alialikwa kula.

Kwanza mwalimu alitia motoni kipande cha waya kilichobaki kwenye pampu. Kijani. Akachora. Christophe akanyoosha mikono: njano ya chumvi ya jasho, basi.

Papa Kapenda alinawa kwa sabuni mara mbili, kisha akaota moto. Uani kote kukawa kijani, hata meno ya Priscille.

"Iko sombe," Kapenda alisema. "Minyi nilishika sombe."

"Papa prezida, sombe yenyewe ungali haujapewa," Priscille akajibu.

Philémon alichungulia kisanduku, akalinganisha na daftari. "Sombe haina hii mistari. Iko shaba. Njo ileile ya pampu."

"Moto muzuri kweli," Kapenda alisema. "Lakini komite inasomaka karatasi ya muhuri. Hii mbabula iko na muhuri?"

Christophe aliinama akatazama chini ya mbabula. Muhuri haukuwepo.

Séphora akampa prezida kichwa cha samaki, maana mgeni ni mgeni. Wiki iliyofuata komite iliusifu moto katika ripoti yake, ikathibitisha kwamba Christophe ni mwizi, na kumweka mpwa wa Kapenda kuilinda pampu iliyokufa.

Siku hizi Papa Kapenda huja kila jioni. Séphora hageuki tena kutazama nani kaingia. Sufuria ikipata mwanga wa kijani, anasema, "Karibu, Papa prezida," na kuongeza sahani. Bukari ya watu wengi inataka maji mengi. Christophe anachukua bidon mbili za maji na kushuka mtoni.