Soya Zilizooshwa kwa Dawa ya Sakafu

Shangazi alisugua sakafu za wodi mpaka akastaafu, na kama kuna kiumbe alichokidharau kuliko mtu mvivu, ni bakteria. Basi alipomkuta binti wa kaka yake uani, akichanganya mbegu za soya na unga mweusi kwenye beseni, alishika kiuno.

"Uchafu gani huo?"

"Bakteria, Shangazi. Hawa ni wazuri. Wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu, wanavuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mmea nao unawapa sukari."

"Bakteria wazuri! Na wezi waaminifu je, wanauzwa duka gani?" Shangazi akasonya. "Misimu miwili soya zako zinatoka njano kama mgonjwa wa ini. Zikitoka njano tena, hapa najenga banda la kuku."

Binti alipokwenda kupanda mstari wa kwanza, Shangazi alibaki na beseni. Weusi ule ulimkera. Akamimina dawa ya sakafu, akazisugua mbegu zilizobaki mpaka zikang'aa, akazisuuza. Mjinga haombi kuokolewa, alijisemea.

Binti akarudi, akatazama beseni, akamtazama shangazi yake. Unga ulikuwa umekwisha. Akazipanda hivyohivyo.

Mvua zikanyesha. Mstari wa kwanza ukasimama kijani, majani mapana. Wa pili, njano. Shangazi akauona huo wa njano tu, akamwita fundi wa kujenga banda.

Fundi akafungua utepe wake wa kupimia, akacheka. "Mstari huu kapanda nani, kipofu?"

Shangazi akasubiri kutajwa.

"Mimi," binti akasema. "Nilichagua mbegu mbovu."

Kumtaja shangazi yake tu kungeuokoa uwanja wake wa soya, na hakumtaja.

Shangazi akachuchumaa, akang'oa mche wa kijani. Mizizi ilijaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu kama ufizi. Akakunja uso kwa kinyaa. Akang'oa wa njano: mizizi mitupu.

"Fundi, kunja utepe."

"Lakini Mama, si umeniita mwenyewe?"

"Nimekuita, na sasa nakufukuza. Mbegu niliziharibu mimi. Una swali lingine?"

Fundi akakunja utepe, akatoka. Lango lilipofungwa, Shangazi akajipangusa mikono kwenye kanga, mara tatu nzima.

"Na wewe usicheke. Hao wadudu wako siwapendi hata kidogo. Msimu ujao nunua pakiti kubwa, usiniletee aibu ya nusu uwanja."